Je, wajua kwa nini kingamwili za homa ya ini B huweza kuwa habari njema?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mtu akikutwa na kingamwili za virusi fulani, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana navyo, basi anavyo virusi hivyo. Nadhani wengi tumelipata wazo hilo kwenye kipimo cha haraka cha VVU: hicho hutafuta kingamwili, na kwa kuwa mwili hauwezi wenyewe kuviondoa VVU, kingamwili zikithibitishwa kwa mtu mzima maana yake ni kwamba ameambukizwa. Homa ya ini B haiendi hivyo. Watu wazima wengi wanaoambukizwa hupona huku kingamwili zikibaki, na aliyechanjwa huwa nazo bila kuugua hata siku moja. Kinachoonyesha kwamba maambukizi yapo sasa ni antijeni ya uso, HBsAg, yaani protini ya virusi vyenyewe. Ikidumu katika damu zaidi ya miezi 6, maambukizi huhesabiwa kuwa sugu.

Ajabu ni kwamba kingamwili za aina mbili husimulia habari mbili tofauti. Chukua embe, lenye ganda nje na kokwa ndani. Virusi hivi navyo vina uso na kiini, lakini chanjo, ambayo Tanzania imekuwa ikiwapa watoto wachanga tangu 2002, hubeba protini ya uso tu, yaani ganda tupu. Aliyeonyeshwa maganda pekee atalitambua embe popote atakapokutana nalo, ila kokwa hawezi kulieleza. Anayelieleza kokwa ni lazima aliwahi kulipata embe zima. Ndiyo maana mwenye kingamwili za uso peke yake kwa kawaida amechanjwa, na mwenye za uso na za kiini, bila HBsAg, aliambukizwa akapona.

Zikionekana za kiini peke yake, jibu haliko wazi hivyo: huenda maambukizi ni mapya na HBsAg imekwisha kutoweka kabla kingamwili za uso hazijaonekana, huenda ni ya zamani sana, au kipimo kimekosea, na hapo vipimo zaidi huhitajika.

Hata aliyepona hubaki na chembe za urithi za virusi zimejificha ndani ya seli za ini, nazo huweza kuamka kinga ikishushwa na baadhi ya dawa za saratani. Kwa hiyo madaktari hupima kingamwili za kiini kabla ya kuanza matibabu hayo.