Acha kuuliza "kinafundisha nini": riwaya ninazowapa matineja na zinawashika wapi

Swali ninaloulizwa kuliko yote nikiwa kwenye meza ya maktaba ni hili: mzazi kashika riwaya mkononi, anaigeuza nyuma, anasoma maelezo ya kwenye kava alafu ananitazama, "sasa hiki kinafundisha nini?" Naelewa kabisa linatoka wapi, anampenda mwanae na hataki apoteze muda, ila mimi nimekaa na vitabu vya vijana miaka mingi sasa na naomba niseme wazi, hilo swali ndo linaua usomaji. Mtoto wa miaka 14 hafungui riwaya atafute funzo, anatafuta stori, na stori ikimshika mengine yote yanakuja nyuma yake, msamiati, uelewa, hata hilo funzo lenyewe. Kwahiyo swali langu mimi huwa ni lingine: kinamshika wapi? Na kinamshika mtoto gani, maana yule anayekesha na tamthilia za mauaji kwenye simu sio sawa na yule anayejaza daftari kwa mashairi ya mapenzi, huwezi kuwapa kitabu kimoja.

Nianze na yule mgumu, anayesema "mimi sipendi kusoma". Wengi wanamkosea kwa kumpa vitabu vya watoto wadogo kwasababu ni vyembamba, anajiona amedharauliwa, na ana haki. Mimi huyo nampa riwaya iliyoandikwa kwa mashairi, na ya kwanza kabisa ni Long Way Down ya Jason Reynolds, ya mwaka 2017. Will ana miaka 15, kaka yake Shawn kapigwa risasi kafa, na mtaani kwao kuna sheria tatu: usilie, usimchome mtu kwa polisi, lipiza kisasi. Basi anachukua bastola ya kaka yake, anaingia kwenye lifti kushuka kwenda kuua, na karibu stori yote ni hiyo lifti tu, kama dakika moja hivi, kila ghorofa mlango unafunguka anaingia mtu ambaye ni marehemu, na wengi wao Will anawajua. Kurasa zina maneno machache na nafasi nyeupe kubwa, jicho linateremka lenyewe, mtoto ambaye hajawahi kumaliza kitabu anajikuta kamaliza siku hiyohiyo na kina kava nene kabisa la watu wazima, anatembea nacho bila aibu. Alafu mwisho wake umeachwa wazi. Kuna kijana alinirudishia asubuhi akagoma kuondoka, anataka nimwambie Will atafanya nini lifti ikifika chini, nikamuuliza yeye anaonaje, akaongea dakika kumi mfululizo. Huyo ni mtoto niliyeambiwa na ticha wake kwamba darasani hafungui mdomo.

Kama mwanao ni wa basketi, njia ni ileile ila kitabu ni The Crossover cha Kwame Alexander, 2014, mapacha wanaocheza timu moja na mapenzi yanaingia katikati yao, kilipata Newbery 2015, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto. Mashairi mengine humo yanadunda kama rapu, yasome kwa sauti utasikia. Ujue tu mapema kuna msiba ndani yake, kama nyumbani mmetoka kuzika subiri kidogo.

Wale wa vita na mbio na nani atabaki, The Hunger Games ya Suzanne Collins bado haijapata mpinzani kwangu japo ni ya 2008. Watoto 24 wa miaka 12 mpaka 18 wanaingizwa uwanjani wauane mpaka abaki mmoja na nchi nzima inaangalia kwenye televisheni, na Katniss wa miaka 16 anajitolea aende badala ya mdogo wake. Watu wanadhani inawashika kwasababu ya damu, sio kweli. Inawashika kwasababu Katniss anasimulia mwenyewe na anasimulia kwa wakati uliopo, hajui kesho yake kama wewe usivyoijua, na kila sura inakatika pabaya, Collins kabla ya hapo alikuwa anaandika vipindi vya watoto vya televisheni na kazi hiyo inaonekana, anajua kabisa pa kukuachia. Nikiona mtoto amekimaliza sichelewi, siku hiyohiyo namkabidhi Catching Fire alafu Mockingjay, kwasababu njaa ya kitabu kinachofuata ni kitu cha thamani sana na ikipita wiki inapoa.

Mwenye miaka 11 au 12 ambaye hiyo ni kali kwake namrudisha kwenye The Giver ya Lois Lowry ya 1993, jamii isiyo na maumivu, isiyo na rangi, kazi yako unapangiwa ukifika miaka 12, na Jonas anapangiwa kupokea kumbukumbu ambazo wengine wote wameondolewa. Ni fupi, lugha yake nyepesi, lakini inachimba.

Fantasia ndo nyumbani kwangu kwahiyo mnivumilie. Akata Witch ya Nnedi Okorafor (2011) nimeitoa mara nyingi mpaka nakala ya kwanza imeachia kurasa. Sunny ana miaka 12, ana ualbino, kazaliwa New York anaishi Nigeria, anapenda mpira lakini jua halimruhusu kucheza, na anagundua ni mmoja wa watu wenye uchawi ambao elimu kwao ni kila kitu. Sasa sikiliza hii: kwenye huo ulimwengu pesa haipatikani kwa kununua na kuuza, ukijifunza jambo jipya kweli vipande vya chuma vinakudondokea hapohapo kutoka hewani, ndo hela yenyewe, na jambo likiwa zito vinaanguka vingi. Sijawahi kuona mwandishi akiwaambia watoto kwamba maarifa ni mali kwa namna nzuri kuliko hiyo, na hakuna mahali amehubiri. Ungemuuliza kinafundisha nini ungekosa jibu, lakini mtoto akisoma sehemu ile anatabasamu peke yake, nimeona.

Akishanogewa mpelekee A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, ni ya 1968, kijana mchunga mbuzi mwenye kipaji na kiburi, anataka kumuonyesha mwenzie wa chuo cha wachawi kwamba anamzidi, anafungulia kivuli ambacho kinamuwinda dunia nzima. Mwendo wake ni wa taratibu zaidi, lugha ya kiutuuzima, ndio maana siitangulizi. Mpangilio ni muhimu jamani, kitabu kizuri ukikitoa kabla ya wakati wake kinaonekana kibaya.

Upelelezi una faida moja ambayo aina nyingine hazina, msomaji ana kazi ya kufanya, anatafuta muuaji. Kwa Kiswahili mimi bado naanza na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, 1960, na mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake, na matineja wanakipenda wakishazoea ile lugha, kurasa kumi za kwanza nasoma nao kwa sauti ili masikio yakae sawa. Wanaosoma Kiingereza, One of Us Is Lying ya Karen McManus (2017) inakwenda haraka sana, wanafunzi watano wanawekwa chumba kimoja kwa adhabu, mmoja anafia hapohapo, yule aliyekuwa anaanika siri za wenzie kwenye programu ya simu, na waliobaki wanne wanasimulia kwa kupokezana na yoyote anaweza kuwa muongo. Kutoka hapo kwenda And Then There Were None ya Agatha Christie ya 1939 ni hatua ndogo tu, watu kumi kisiwani wanakufa mmoja mmoja, na mtoto anagundua kwamba kitabu cha zamani kinaweza kumnyima usingizi vilevile. Na kwa yule anayependa hesabu kuliko watu, mpe The Curious Incident of the Dog in the Night-Time ya Mark Haddon, Christopher wa miaka 15 anachunguza nani kamuua mbwa wa jirani, na sura zimehesabiwa kwa namba tasa, inaanza ya 2, ya 3, ya 5, ya 7. Usimwambie. Muache aone mwenyewe.

Stori za maisha halisi ndo wazazi wanazitaka na ndo napokosana nao zaidi, kwasababu maisha halisi ya tineja yana ugomvi na machozi na maneno makali. Siku Njema ya Ken Walibora (1996) hakuna anayeikataa, Kongowea anafiwa na mama anavuka mpaka kumtafuta baba asiyemjua, na Kiswahili chake kinamfanya mtoto aanze kuazima misemo bila kuambiwa. The Outsiders hiyo nawapa wanaoniambia wanataka kuandika, S. E. Hinton aliianza akiwa na miaka 15 na ikatoka 1967 akiwa na 18, magenge mawili ya vijana, maskini na wenye nazo, na ukiisoma unasikia kabisa kwamba mwandishi alikuwa rika lao. The Hate U Give ya Angie Thomas naitoa kwa miaka 14 kupanda, Starr anashuhudia rafiki yake akipigwa risasi na polisi, lugha ni nzito, hapo namwambia mzazi kisome wewe kwanza alafu muongee, na wengi wakisoma wenyewe wanaacha kulalamika.

Vita: A Long Walk to Water ya Linda Sue Park, fupi, imetokana na maisha ya kweli ya Salva Dut aliyekimbia vita Sudan akiwa na miaka 11, humo kuna pia Nya anayetembea kutafuta maji, na stori mbili zinakutana mwishoni. Mwenye pumzi ndefu apewe The Book Thief ya Markus Zusak, msimulizi ni Kifo chenyewe, inazidi kurasa 500, usimpe aliye bado kwenye hatua ya ile stori ya lifti.

Mapenzi sitakaa sana, wanajitafutia wenyewe, ila The Sun Is Also a Star ya Nicola Yoon naipendekeza kwasababu karibu yote inapita siku moja, msichana anayeamini sayansi tu anakutana na mvulana mshairi siku ambayo familia yake inafukuzwa nchini. Na ya kutisha, kwa wakubwa wa 16 na zaidi, Frankenstein. Inapatikana bure intaneti kihalali kwasababu ni ya 1818, lugha inataka subira, lakini waambie Mary Shelley aliianza akiwa na miaka 18 uone wanavyoichukua.

Jambo la mwisho ni la umri. Tineja anapenda kusoma kuhusu aliyemzidi mwaka mmoja au miwili, wa 12 anataka mhusika wa 14, wa 15 anataka wa 17, mpe mhusika mdogo kuliko yeye atakuwekea kitabu mezani kesho yake. Na akikiweka mezani usibishane nae, kichukue, muulize alifika ukurasa wa ngapi na alichokea wapi, kwasababu hilo jibu ndo linaniambia kitabu gani nikitoe rafuni baada ya hapo.