"Kuwahi dawa": dawa ipi, na siku ya ngapi?

UVIKO-19 ikirudi, orodha ile ile nayo hurudi kwenye simu za watu: ivamektini, azithromaisini, zinki, vitamini D, na deksamethasoni "ya kulinda mapafu". Chini yake huandikwa kwamba ukivimeza vyote siku ya kwanza, hospitali hutaiona. Anayepinga huambiwa kuwa madaktari wanataka mgonjwa akae nyumbani mpaka azidiwe. Nimechoka kulijibu hili vipande vipande.

Tiba ya mapema ya nyumbani ipo, na hakuna daktari makini anayeikataa. Virusi huzaliana kwa kasi siku za mwanzo, kwa hiyo dawa inayozuia kuzaliana huko lazima iwahi. Dawa ya aina hiyo ni Paxlovid, nayo huanzwa ndani ya siku 5 tangu dalili zianze: nirmatrelviri miligramu 300, yaani vidonge 2 vya 150, pamoja na ritonaviri miligramu 100, asubuhi na jioni kwa siku 5. Mwenye figo zilizopungua nguvu kiasi hupewa nirmatrelviri nusu yake. Katika jaribio la EPIC-HR, kwa watu wasiochanjwa walio katika hatari kubwa, walioanza ndani ya siku 3 walipungukiwa na hatari ya kulazwa au kufa kwa takriban asilimia 89.

Lakini hata hiyo haimezwi kiholela. Ritonaviri huzuia ini lisivunje dawa nyingine nyingi. Simvastatini, dawa ya kolesteroli, hupanda mno kwenye damu na kuharibu misuli, hivyo husimamishwa. Rifampisini ya kifua kikuu na kabamazepini ya kifafa hufanya kinyume: huishusha Paxlovid hadi isifanye kazi. Mwambie mfamasia kila unachomeza.

Sasa deksamethasoni, maana hapa ndipo watu wanapoumizwa. Sifa yake yote ilianzia kwenye jaribio la RECOVERY la Uingereza, mwaka 2020, kwa miligramu 6 mara moja kwa siku hadi siku 10. Kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 29.3, dhidi ya 41.4 kwa wasioipata. Kwa waliokuwa kwenye oksijeni tu, 23.3 dhidi ya 26.2. Wanaosambaza orodha huishia hapo. Mstari unaofuata ni wa wale ambao hawakuhitaji oksijeni: 17.8 kwa waliopewa, 14.0 kwa wasiopewa. Tofauti hiyo haitoshi kuthibitisha kwamba dawa iliwadhuru, ila faida haionekani kabisa, na hao walikuwa tayari wamelazwa. Aliye nyumbani na homa ya siku ya pili yuko mbali zaidi na kundi lililofaidika.

Sababu inaeleweka. Deksamethasoni ni steroidi, nayo hutuliza kinga inayoshambulia mapafu, na kwa kawaida hali hiyo huja katika wiki ya pili. Ukiimeza siku ya kwanza, unaifunga mikono kinga wakati virusi vinazaliana. Sukari hupanda, hata kwa asiyejijua kuwa ana kisukari. Kibaya zaidi, homa hushuka na hamu ya kula hurudi, familia inatulia, kumbe oksijeni inashuka. (Mwenye pumu anayevuta steroidi yake kila siku asiiache; hiyo ni habari nyingine.)

Kuna pia minyoo ya strongiloidi, ambayo mtu huweza kuishi nayo miaka bila dalili. Steroidi huiachia isambae mwilini, na inaweza kuua. Hapo ndipo ivamektini ina kazi halisi: kuua minyoo. Baadhi ya majaribio yaliyoonyesha inaokoa wagonjwa wa UVIKO-19 yalifanyika mahali penye minyoo hiyo kwa wingi, na naona hoja kwamba ilitibu minyoo kuliko virusi ina uzito. Jaribio la TOGETHER huko Brazili lilitoa mikrogramu 400 za ivamektini kwa kila kilo ya uzito kwa siku 3, na kulazwa hakukupungua. Jaribio jingine, ACTIV-6, likapandisha hadi 600 kwa siku 6. Watu hawakupona haraka zaidi.

Azithromaisini ni dawa ya bakteria, haigusi virusi. Basi.

Nina mashaka pia na dawa tunazoziandika sisi madaktari. Jaribio la EPIC-SR halikuonyesha kwamba Paxlovid iliharakisha kuisha kwa dalili, na kundi lake lilikuwa na watu waliochanjwa. Molnupiraviri, dawa nyingine ya virusi, katika jaribio la PANORAMIC haikupunguza kulazwa wala vifo. Watu walisema walipona mapema, lakini walijua wanameza nini. Kwa kijana mzima aliyechanjwa, sioni sababu ya kumwandikia.

Anachohitaji ni parasetamoli, maji na oksimita, kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu. Kaa dakika 5, pasha vidole moto, futa rangi ya kucha, subiri namba itulie kama dakika moja, andika. Kwenye ngozi nyeusi kifaa huweza kusoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo tazama mwelekeo: kutoka 97 hadi 94 ni habari mbaya. Ikiwa unapumua vizuri, simama na kukaa kitini tena na tena kwa dakika moja, upime tena. Ikishuka kwa 3 au zaidi, nenda ukapimwe. Kuwa makini zaidi kati ya siku ya 5 na ya 10. Chini ya 94, mpigie daktari siku hiyo hiyo. Ikifika 90 au chini, mgonjwa apelekwe hospitali usiku huo huo, hata akisema hasikii shida yoyote ya kupumua.