Antibayotiki: inafanyaje kazi, madhara yanatoka wapi, na kwanini dawa yako usimpe paka

Mtu anafika duka la dawa anasema "nipe rangi mbili za buku", anafungiwa kapsuli kadhaa kwenye karatasi, anameza siku mbili anapata nafuu, zilizobaki zinaingia kwenye droo. Wiki ijayo mtoto anakohoa, kapsuli inafunguliwa unga unakorogwa kwenye kijiko. Mwezi unaofuata mbwa ana kidonda, naye anafichiwa moja kwenye ugali. Wengi wanaofanya hivi wanafanya kwa upendo kabisa na kwa kubana hela, hakuna mwenye nia mbaya, ila hii dawa ina tabia zake na ukishazielewa utaona kwanini daktari anauliza maswali mengi hivyo kabla ya kuandika.

Antibayotiki ni dawa inayoua bakteria au kuwazuia wasizaliane, basi. Penisilini na ndugu zake kama amoksilini zinamvuruga bakteria asiweze kujenga ukuta wake wa nje, anapasuka anakufa, na kwa kuwa seli zetu sisi hazina ukuta wa namna ile dawa inatupita. Doksi (doksisaikilini) na azithro (azithromaisini, wengi wanaijua kwa jina la Azuma) zenyewe zinamkamata kwenye utengenezaji wa protini. Virusi hana huo ukuta, na protini zake anatengenezewa na seli zetu, kwahiyo mafua, surua, Uviko, na sehemu kubwa ya vikohozi na koo za kuwasha, antibayotiki haina pa kushika. Unameza siku tano mafua yanaisha unasema amoksilini kiboko, kumbe siku ya tano yangeisha tu. Kuharisha kwa watoto wadogo nako mara nyingi ni virusi, mtoto anahitaji ORS na zinki, sio Flagyl.

Sasa kitu kikubwa cha kuelewa, na ndo kinachoeleza madhara mengi kwa mtu na kwa mnyama: dawa haijui bakteria gani mbaya na yupi mwema. Tumboni mwetu kuna bakteria matrilioni wanaosaga chakula na kuwazuia wabaya wasipate nafasi, na wengine wapo mdomoni, kwenye ngozi, ukeni. Ukimeza antibayotiki ya UTI ni sawa na kupulizia dawa ya magugu kwenye shamba lenye mazao, na mazao yanaungua. Ndo hapo unapata tumbo kujaa gesi, kuharisha, kichefuchefu, fangasi ukeni baada ya dozi, utando mweupe kwenye ulimi wa mtoto. Mengi ya hayo yanaisha yenyewe ukimaliza dawa. Ila kuna bakteria mmoja anaitwa Clostridioides difficile ambaye wenzake wakifyekwa yeye anashika nchi, anatoa sumu, mtu anaharisha maji mara nyingi kwa siku, tumbo linakata, homa, wakati mwingine damu, na inaweza kuanza hata wiki kadhaa baada ya dozi kuisha mpaka mtu hakumbuki kama alimeza kitu. Ukiharisha hivyo baada ya antibayotiki usikimbilie dawa ya kufunga tumbo, nenda hospitali na uwaambie ulikunywa nini.

Sasa chukua hilo hilo ulipeleke kwa sungura. Sungura na simbilisi (wale wanaofugwa sana Nyanda za Juu Kusini) wanaishi kwa bakteria, majani yote wanayokula yanachachuliwa na bakteria kwenye utumbo mpana. Ukimpa amoksilini au ampisilini ya kumeza, ambayo kwa mtoto wako ni dawa ya kawaida kabisa, bakteria wake wema wanakufa, wale wa sumu wanachukua nafasi, anaacha kula, anaharisha, na ndani ya siku chache amekufa. Dawa ilikuwa nzima na haijaexpire, na hata ukipiga hesabu ya uzito haimwokoi. Ni utumbo wake tu umejengwa hivyo. Ng'ombe na mbuzi wakubwa nao ndo maana wataalamu wa mifugo wanapenda kuwachoma sindano badala ya kuwanywesha antibayotiki, wanalinda bakteria wa tumbo la cheu.

Halafu kuna aleji, ambayo watu wanaichanganya na madhara ya kawaida. Kuharisha au kutapika baada ya dawa sio aleji. Aleji ni kinga ya mwili kuishambulia dawa: vipele vya kuwasha vilivyoinuka, midomo na uso kuvimba, koo kubana, kifua kupiga filimbi, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, na ile kali inakuja ndani ya dakika chache mpaka saa moja hivi. Hapo hakuna kunywa maziwa wala kulala kidogo uone, ni kukimbia hospitali saa hiyo hiyo maana inaua. Watu wengi walioandikiwa "aleji ya penisilini" wakija kupimwa vizuri wanakutwa hawana, walitapika tu utotoni, na hasara yake ni kwamba maisha yao yote wanapewa dawa nyingine kali zaidi au za bei. Kwahiyo ukipata tatizo andika jina la dawa na KILICHOTOKEA, usiishie kuandika "aleji".

Ile ya salfa, yaani Septrin na jamaa zake, ina sura yake. Inaweza kuja siku kadhaa hata wiki baadaye: homa, macho mekundu, vidonda mdomoni, ngozi inatoa malengelenge na kubanduka. Ni nadra lakini ni hatari sana, ukiona dalili acha dawa nenda hospitali. Mbwa wanaokunywa salfa muda mrefu wanaweza kukaukiwa machozi, jicho linakuwa na tongotongo zito, kwahiyo mbwa akianza kufumba fumba macho katikati ya dozi mpigie daktari wa mifugo.

Kundi la tatu la madhara ni dawa yenyewe kuumiza kiungo fulani, na hapa ndo naomba msome taratibu.

Doksi ukiimeza na funda moja la maji ukalala, kapsuli inaweza kunata kwenye koo la chakula ikachoma kidonda, unaamka unashindwa kumeza mate. Glasi nzima ya maji, na ukae wima angalau nusu saa. Pia inafanya ngozi iungue na jua kirahisi. Tetrasaikilini, ndugu yake doksi, kwa wajawazito na watoto wadogo inaacha meno ya mtoto na rangi ya njano au kahawia isiyotoka. Paka sasa, yeye huwezi kumpa glasi ya maji ukamwambia kaa wima, ukimsukumia kidonge cha doksi kikavu kinakwama, koo linapata kidonda, kidonda kinaacha kovu, koo linakuwa jembamba na chakula hakipiti tena. Wanaojua wakimpa kidonge wanafuatishia maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kijiko cha chakula laini.

Sipro (siprofloksasini) inashikana na madini kama kalsiamu na chuma, ukiimeza na maziwa au vidonge vya chuma vya wajawazito au dawa ya vidonda vya tumbo ile nyeupe ya kutikisa, nusu ya dawa au zaidi inaweza isiingie mwilini, umemeza bure. Imeze masaa mawili kabla ya hivyo vitu. Na inaumiza kano, hasa ile ya nyuma ya kisigino, mpaka kukatika, zaidi kwa wazee waliovuka miaka 60 na wanaotumia dawa za steroidi. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ililazimisha onyo hilo liandikwe ndani ya kiboksi cheusi. Ukisikia kisigino kinauma katikati ya dozi ya sipro usiendelee na mazoezi, rudi kwa aliyekuandikia.

Ndugu yake sipro anaitwa enrofloksasini, ndo ile "enro" ya kuku, na huku ndo paka wanapoteza macho. Kwa paka kipimo kisizidi mg 5 kwa kila kilo kwa siku, kikizidi kinaweza kuharibu retina na akapofuka moja kwa moja. Paka wa kilo 4 mwisho wake ni mg 20. Chupa ya enro ya asilimia 10 ina mg 100 kwenye mililita moja. Kwahiyo mtu akivuta mililita moja tu "kidogo hivi" akampa paka, ameshampa mara tano ya kiwango! Nikiwaambia msikadirie dawa kwa macho namaanisha hesabu kama hiyo. Kwa watoto wa mbwa wakubwa wanaokua haraka, dawa hiyo hiyo inaharibu gegedu za maungio.

Flagyl inaleta ladha ya chuma mdomoni na mkojo unaweza kuwa wa kahawia, usiogope, lakini pombe weka pembeni mpaka siku tatu baada ya kidonge cha mwisho kama maelekezo ya dawa yanavyosema. Mbwa akizidishiwa Flagyl anaanza kuyumba kama amelewa, macho yanachezacheza, kichwa kinainama upande, ukiona hivyo acha na mpeleke, wengi wanarudi sawa dawa ikisimamishwa. Jentamaisini ya sindano inagusa figo na masikio, na usikivu ukipotea haurudi, ndo maana mtu anayekuchomea nyumbani bila kujua uzito wako wala hali ya figo zako anacheza na kitu kikubwa.

Na kwa kuwa tuko kwenye paka, panadol sio antibayotiki ila watu wanazitoa pamoja, kidonge kimoja cha panadol kinatosha kumuua paka. Kabisa usimpe.

Kuhusu dozi: inapangwa kwa mdudu, mahali alipo, uzito wa mgonjwa, figo na ini. "Moja mara tatu" ya amoksilini maana yake kila baada ya saa 8, sababu inatoka mwilini haraka, ukimeza asubuhi, mchana na saa kumi jioni usiku mzima bakteria wanapumzika. Azithro inakaa kwenye tishu siku nyingi ndo maana ni moja kwa siku kwa siku tatu na inaendelea kufanya kazi ukishamaliza. Watu wanasema maliza dozi, na mimi nasema meza siku zile ulizoandikiwa, usipunguze na usiongeze, kwasababu siku hizi magonjwa mengi yanatibiwa kwa siku chache kuliko zamani, mfano nimonia ya mtoto inayotibiwa nyumbani mara nyingi ni siku 5 za amoksilini. Madhara yakikushinda rudi ubadilishiwe, kuacha kimya kimya na kuweka akiba kwenye droo ndo tusichotaka.

Dawa ikiwa ndogo au inatumiwa hovyo, bakteria dhaifu wanakufa, wale sugu wanabaki wanazaana. Alexander Fleming aliyegundua penisilini mwaka 1928 alilisema hili kwenye hotuba yake ya tuzo ya Nobel mwaka 1945, kwamba mtu atajinunulia dukani, atameza kidogo, na atawafundisha vijidudu kuizoea dawa. Makadirio ya mwaka 2019 yanaonyesha watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa maambukizi ya bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara ndo iliumia zaidi. Na hao bakteria hawaulizi wewe ni mtu au mbwa, mnalala nyumba moja, anakulamba mikono, unaokota kinyesi cha kuku, mnabadilishana tu.

Ndo maana kwa wafugaji kuna siku za kusubiri, zimeandikwa kwenye lebo ya kila dawa ya mifugo: baada ya kuchoma au kunywesha, siku kadhaa maziwa na mayai yasiliwe, na nyama mara nyingi inasubiri zaidi. Dawa za kudumu zinazochomwa mara moja siku zake ni nyingi kuliko za kawaida, kwahiyo soma lebo ya chupa uliyoishika, usitumie uzoefu wa chupa ya jirani. Kuchemsha maziwa kunaua bakteria ila usitegemee mabaki ya dawa yaishe kwa moto, na mtu mwenye aleji ya kweli ya penisilini anaweza kuvimba kwa kikombe cha chai ya maziwa. Ng'ombe mwenye kiwele kilichovimba akichomwa, andika tarehe ukutani, weka alama ya rangi mguuni ili hata kijana wa kukamua ajue, maziwa yake yakamuliwe mwisho kwenye chombo chake na yamwagwe, wala usimpe ndama maana unamjengea usugu tumboni. Wanaouza mtindi wanalijua hili tatizo hata kabla ya daktari, maziwa yenye dawa hayagandi vizuri, wale bakteria wa kugandisha nao wanakufa.