Supanova za Karibu na Kipimo cha Nishati ya Giza

Jioni ya tarehe 21 Januari 2014 mawingu yalikuwa yakiifunika anga ya London, na mwalimu Steve Fossey wa University College London akaharakisha kuwaonyesha wanafunzi wake matumizi ya darubini kabla nyota hazijapotea. Walipoielekeza kwenye galaksi iitwayo M82, waliona nyota ambayo haikuwamo katika picha za awali. Ilikuwa supanova, yaani mlipuko wa nyota, uliotokea umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 12, na ikaitwa SN 2014J.

Supanova hiyo ni ya aina ya Ia, ambayo hutokana na kulipuka kwa kibete cheupe, yaani kiini cha kaboni na oksijeni kinachobaki nyota inapokwisha kuzeeka. Mlipuko huzalisha nikeli itoayo mionzi, ambayo hugeuka kobalti na hatimaye chuma, na nishati inayotoka humo ndiyo huing'arisha supanova kwa wiki nyingi. Kwa kuwa milipuko hii hukaribia kulingana kwa nguvu, tunaitumia kupimia umbali, kama vile mtu aliye ufukweni usiku anavyokadiria umbali wa wavuvi wa dagaa kwa mwanga wa karabai zao. Hata hivyo karabai hazilingani kabisa. Mwaka 1993 mwanaastronomia Mark Phillips alionyesha kwamba supanova zenye mng'ao mkubwa zaidi hufifia polepole zaidi, na kwa kanuni hiyo tofauti zao husahihishwa.

Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti yalitangaza kuwa supanova za mbali sana ni hafifu kuliko ilivyotarajiwa, yaani ziko mbali zaidi, kwa hiyo kutanuka kwa ulimwengu kunaongeza kasi. Chanzo cha jambo hilo, ambacho bado hakijafahamika, kikaitwa nishati ya giza. Sifa nyingi zilikwenda kwa supanova za mbali, lakini naona ni haki kusema wazi kwamba uhafifu wake ulijulikana kwa sababu wanaastronomia wa mradi wa Calán/Tololo, nchini Chile, walikuwa wamekwisha kupima kwa uangalifu zile za karibu.

Neno "karibu" lina mpaka wake. Galaksi huvutana na kusogea kwa kilomita mamia kadhaa kwa sekunde, na kwa jirani kama M82 mwendo huo huuficha ule wa kutanuka. Kwa kazi ya kupima kutanuka tunahitaji galaksi zilizo umbali wa mamia ya mamilioni ya miaka ya nuru. SN 2014J ilitufaa kwa jambo jingine: vumbi zito la M82 liliufifisha na kuufanya mwekundu mwanga wake, nasi tukapata mahali pazuri pa kujifunza kutenganisha uhafifu unaoletwa na vumbi na ule unaoletwa na umbali.

Usahihi huo una uzito mkubwa leo. Tangu 2024, vipimo vya DESI, mradi unaochora ramani ya mamilioni ya galaksi ili kupima kutanuka kwa ulimwengu, vikiunganishwa na vya supanova vinaashiria kwamba huenda nishati ya giza inabadilika kadiri muda unavyopita. Baadhi ya wataalamu wamehoji ishara hiyo, kwa kuwa hitilafu ya asilimia 4 hivi katika kulinganisha mng'ao wa supanova za karibu na za mbali ingetosha kuidhoofisha sana, na ndiyo maana zile za karibu zinapimwa upya, moja baada ya nyingine.