Kisiponasa sumaku, usidhani hakina usumaku

Wanunuzi wa vyuma chakavu hapa Mwanjelwa, Mbeya, hupima mzigo kwa kipande cha sumaku. Kikinasa, chuma, kisiponasa, pengine shaba au alumini. Kwa biashara inatosha. Kosa ni kudhani kwamba kisichonasa hakina usumaku ndani.

Chukua oksidi ya manganizi. Kila atomu ya manganizi ni kisumaku. Ukiipoza hadi kama nyuzi 153 chini ya sifuri, visumaku hivyo huanza kujipanga kinyume, hiki juu, kile chini, vikafutana. Kwa nje huambulii kitu.

Vilionekanaje basi? Kwa nyutroni, chembe ndogo iliyomo kwenye kiini cha atomu. Haina chaji ya umeme, na hapo wengi hukwama wakidhani basi haiwezi kuhisi sumaku, lakini yenyewe ni kisumaku, kwa hiyo hutawanywa na visumaku vya atomu. Mwaka 1949, huko Oak Ridge, Marekani, Clifford Shull na Samuel Smart waliupiga kwa nyutroni unga wa oksidi hiyo uliopozwa, wakapima zinatawanyika kwa pembe zipi. Vilele vipya, yaani pembe mpya zenye nyutroni nyingi, vikajitokeza: mpangilio wa visumaku ulijirudia kwa umbali maradufu ya ule wa atomu.

Hata magnetiti, madini ya chuma yanayonasa sumaku, iliyomo kwenye mawe ya Liganga kule Ludewa, ina visumaku vinavyopingana. Ila upande mmoja umezidi, ndiyo maana inanasa.