"Tupo 120 kwenye grupu": dhana potofu za bajeti ya kukutana tena

Wiki iliyopita wamekuja wengine. Kamati ya watu watatu, walimaliza kidato cha nne pamoja, miaka ishirini imepita, sasa wanataka kukutana siku moja hapa Dar es Salaam, wale, wacheze, wapige picha. Mwenyekiti hajakaa vizuri kwenye kiti akanionyesha simu: "Dada, sisi tupo 120 kwenye grupu. Tunagawanya tu, kila mtu anatoa kidogo, biashara imeisha."

Ninaratibu shughuli kwa kulipwa, na maneno hayo nimeyasikia mpaka mtu akianza naweza kummalizia. Grupu la WhatsApp si orodha ya wachangiaji. Ndani ya hao 120 kuna walioingizwa bila kuulizwa, kuna waliozima sauti ya grupu siku ileile, kuna mwenye laini mbili aliyehesabiwa mara mbili, na kuna yule ambaye kazi yake ni kutuma ua na "Asubuhi njema wapendwa". Katika kamati nilizoshika mimi, wanaotuma hela kweli ni kama theluthi. Wakifika nusu, nafanya sherehe yangu binafsi.

Kibaya zaidi, kugawanya kwa 120 kunaficha kitu ambacho kamati nyingi hazikioni mpaka siku ya shughuli. Gharama ziko za aina mbili. Kuna zinazopanda na kushuka kulingana na vichwa: sahani ya chakula, vinywaji, tisheti. Na kuna ambazo hazijali mmekuja wangapi: ukumbi, mziki, MC, mpiga picha. Chukua mfano wa hesabu niliyowaandikia hao watatu. Ukumbi 1,200,000, mziki na MC 800,000, mpiga picha 400,000. Hiyo ni 2,400,000 hata akija mtu mmoja na mlinzi. Kwa kichwa: chakula 25,000, vinywaji 8,000, tisheti 12,000, jumla 45,000. Wakija 120, kila mmoja anabeba 20,000 ya ukumbi na wenzake, jumla 65,000. Wakija 40, sehemu hiyo inaruka hadi 60,000 na jumla inakuwa 105,000. Sasa kamati imeshatangaza 65,000, wametuma watu 40, mfukoni mna 2,600,000, na shughuli inadai 4,200,000. Hiyo milioni moja na laki sita nani anaitoa? Mara zote nilizoona mimi, mhazini. Nimemshuhudia mmoja, mama wa watu, akimaliza akiba yake ya ada ya mtoto huku wenzake wanacheza kwaito.

Ukiwaambia hivi wanakujibu: "Lakini watu wameshaahidi." Hapo ndipo naomba maji ya kunywa.

Ile orodha mnaijua. "1. Mwenyekiti 200,000 ✅. 2. Katibu 100,000. 3. ..." Kila mtu anainakili, anaongeza jina lake, anairudisha. Wawili wakinakili kwa dakika moja, jina la mmoja linapotea, na anayepotea ananuna mpaka Disemba. Lakini tatizo kubwa ni kwamba kamati inajumlisha safu nzima, yenye tiki na isiyo na tiki, kisha inasema "tuna milioni sita". Hamna milioni sita. Ahadi ni deni, sawa, nendeni basi mkamlipe mwenye ukumbi kwa deni. Zamani, kabla M-Pesa haijaingia Tanzania 2008, mweka hazina alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na daftari, na mtu alikuwa anaona aibu kumwangalia machoni na kumwambia "wiki ijayo". Siku hizi aibu imekufa. Unabonyeza kidole gumba, unaandika "tupo pamoja", unaendelea na mambo yako.

Ninachowafanyisha kamati zangu ni hiki, na wasiotaka watafute mratibu mwingine. Kabla ya kutaja bajeti yoyote, ombeni mbegu ya 10,000 kwa kila mtu na muwape wiki mbili. Wasiwepo wa kubembelezwa. Zikiisha, hesabuni waliotuma. Hiyo ndiyo idadi yenu. Ukumbi chagueni kwa idadi hiyo, mchango kamili upangeni kwa idadi hiyo, na watakaojitokeza baadaye ni neema. Orodha inayowekwa kwenye grupu iwe ya hela iliyoingia tu, inaandikwa na mtu mmoja, na inafungwa siku 21 kabla ya shughuli. Anayetuma zikiwa zimebaki siku 20 anakaribishwa kula, tisheti hapati, maana mchapaji ameshamaliza. Mtaniita mkali. Kumbi zinazoniamini zinaniamini kwa ajili hiyo.

Yaliyobaki nayapitia haraka.

"Walioko nje watatubeba." Aliyeko Muscat au Houston ana kodi yake ya nyumba, na kila wiki kuna grupu jingine linalomtazama kama benki. Tena wengi wao hawatakuja. Mkimwomba "mchango mkubwa", anakaa kimya. Mwambieni maji yote ya siku hiyo ni 180,000, unaweza kuyabeba? Wengi hubeba, na jina lake mnalitaja kwenye maiki.

"Tutafute kampuni itudhamini." Kampuni hupanga matumizi yake mapema, wakati ninyi mnapeleka barua wiki tatu kabla, haina mhuri, ya kikundi kisichosajiliwa popote, kinachotaka kula pilau. Mkipata katoni za soda mshukuru Mungu. Msiiweke kwenye bajeti.

"Mhazini wetu ni mwaminifu, haina haja ya mambo mengi." Huyo mwaminifu ndiye anayehitaji kulindwa. Hela za watu zikikaa kwenye laini yake binafsi zinachanganyika na za mboga, na siku mama yake akilazwa usiku wa manane, mnategemea afanye nini? Fungueni akaunti ya benki yenye watia saini wawili, au tumieni huduma za vikundi kwenye simu, kama M-Koba ya Vodacom iliyoanza 2019. Na kama mnatumia laini ya kawaida, andikeni wazi kwenye tangazo: tuma na ya kutolea. Mtu akituma 65,000 kavukavu, makato ya kutoa yanakula mchango, na kwa watu 40 tofauti hiyo inafika bei ya keki.

"Bei ya ukumbi ni hiyo waliyotutajia." Ulizeni kama VAT imo ndani. Kwa Bara kiwango cha kawaida ni asilimia 18. Ukumbi wa 1,200,000 unageuka 1,416,000 siku ya ankara, halafu mnanipigia mimi simu kama vile ni mimi niliyetunga sheria. Ulizeni pia kuhusu jenereta, saa za nyongeza, na kama mnaruhusiwa kuingia na vinywaji vyenu. Kwenye kreti ndiko faida ya kumbi nyingi iliko.

"Disemba ndiyo nzuri, kila mtu yuko likizo." Likizo ndiyo, lakini wa Moshi wamekwenda Moshi, nauli ziko juu, kumbi zimejaa harusi, na kila mzazi anahesabu ada ya Januari. Michango ya Novemba huwa migumu kama jiwe. Mimi napenda Kwaresma, harusi za kanisani zinapopungua na mwenye ukumbi anakuwa mpole, ilimradi kundi lenu halina wengi wanaofunga. Kama wapo, tafuteni Saba Saba au Nane Nane, siku za mapumziko zisizo na mbwembwe. Na fanyeni mchana. Chakula cha saa nane, mziki mpaka saa mbili usiku, wenye watoto wanarudi nyumbani na bili ya vinywaji inabaki ya kibinadamu.

"Hela ikibaki tutajua hukohuko." Hapana. Andikeni siku ya kwanza salio linakwenda wapi, madawati ya shule au mfuko wa msiba wa grupu, maana ugomvi mkubwa kuliko yote niliyosuluhisha haukuwa wa upungufu. Zilibaki 340,000.