Mlango wa pili uko Tunduma

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nilikuwa Soweto, hapa Mbeya, kwenye steshenari ya dada mmoja ninayemhudumia intaneti. Wanafunzi watatu walikuwa wamepanga foleni, kazi zao za kuchapa ziko kwenye barua pepe na hazifunguki. "Kaka, si nimelipia juzi tu? Mbona imekata?" Nikatoa kompyuta nikapima. Seva ya Dar es Salaam ilijibu kwa milisekunde 13 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde), kama siku zote. Ya Ulaya ilikaa kimya. Nikamwambia, "Dada, laini yako ni nzima. Kilichokatika kiko baharini."

Watu wengi wa huku Nyanda za Juu Kusini wanaamini mtandao wetu husumbua kwa sababu tuko mbali na pwani. Vipimo vile viwili vinakataa. Mwanga ndani ya faiba, uzi wa kioo unaobeba data, hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na Mbeya hadi Dar kwa barabara kuu ni kama kilomita 830. Kwenda na kurudi ni milisekunde nane na kidogo. Nyingine huliwa na vifaa na mizunguko ya njia. Mkongo wa Taifa, yaani njia kuu ya faiba inayounganisha mikoa, ulikuwa unafanya kazi yake vizuri siku ile. Mzigo ulifika pwani ukakosa chombo cha kuuvusha.

Vyombo vyenyewe ni kebo za chini ya bahari, na kwa sehemu kubwa vilikuwa viwili: SEACOM iliyoanza kazi 2009, na EASSy iliyofuata 2010. Zote mbili zinateremka pwani hiihii ya mashariki mwa Afrika, na siku ile zote mbili zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Kinachoniuma ni kwamba onyo tulikuwa nalo. Mwezi Februari SEACOM ilikuwa imeshakatika upande wa kaskazini, Bahari ya Shamu, na inaaminika iliburutwa na nanga ya meli Rubymar iliyokuwa imepigwa kombora. Kaskazini palikuwa pameziba, tukaegemea kusini, na kusini nako kukakatika. Kilichotuokoa taratibu ni njia za nchi kavu kupitia Kenya.

Kukatika kwa kebo si jambo la ajabu. Duniani hutokea hitilafu kama 150 hadi 200 kila mwaka, nyingi zikitokana na nanga na nyavu za uvuvi. Kwenye kina kirefu kebo ni nene kama mpira wa kumwagilia bustani tu. Karibu na ufukwe ndipo huvishwa nyaya za chuma. Meli ya matengenezo huikokota kwa kulabu, hupandisha ncha moja, huipima, huiacha ikielea na boya, kisha hufuata ya pili. Baada ya hapo kazi ni ileile ninayoifanya Makambako kijiko cha barabara kikipita na faiba yetu: unamenya uzi mwembamba kama unywele, unaufuta kwa spiriti, unaukata ncha iwe bapa, unauingiza kwenye mashine iuyeyushe na mwenzake. Makambako kuna upepo wenye baridi kali, kwa hiyo mmoja wetu husimama ameshika koti juu ya mashine. Vumbi likiingia, unaanza upya.

Sasa kebo zinaongezeka, na wenye nazo wamebadilika. Zamani zilijengwa na makampuni ya simu. Leo wanaotumia data nyingi ndio wanaoingiza fedha: Meta, wenye Facebook, ni mmoja wa wabia wa kebo ya 2Africa, yenye urefu wa kilomita 45,000, ambayo imetua Dar es Salaam pia, Google ilijenga Equiano upande wa Atlantiki. Nafurahia wingi huo. Lakini 2Africa nayo kipande chake cha Bahari ya Shamu kimekwama kwa ajili ya usalama, na kebo tano zinazopita mlango mmoja naona ni sawa na kebo moja nene.

Ndiyo maana mimi macho yangu yako Tunduma, kilomita mia moja hivi kutoka hapa. Mkongo wetu unafika mpakani na kushikana na wa Zambia. Ukishafika Lusaka unaweza kuendelea hadi Swakopmund, Namibia, ambako zimetua kebo mbili za Atlantiki, WACS na Equiano, halafu Ulaya kwa bahari nyingine kabisa. Atlantiki nayo hukatika. Machi 2024 WACS ilikatika jirani na Abidjan, ila Equiano haikuguswa, na ilikuwa miezi miwili kabla ya mkasa wetu. Njia hiyo ni ndefu na hupita mikono mingi, kila mpaka na bei yake. Hata hivyo, mgonjwa wa rufaa anayesubiri picha zake zisomwe na daktari aliye nje hatasumbuliwa na milisekunde hamsini za ziada. Mbeya imezoea kuhesabiwa kama mwisho wa laini, wakati kwenye ramani ni njia panda.

Siku hizi mteja akiniambia amenunua laini mbili kwa usalama, naomba aniletee ramani ya kila moja kabla sijafunga rauta. Mwezi uliopita shule moja ya Mafinga ililetewa zake, za wauzaji wawili tofauti. Zote mbili zilikuwa zinateremka mlima wa Kitonga, njia ya kwenda Dar, kwenye mtaro mmoja.